Kujiandaa kwa Uzee Jijini Dar es Salaam: Mazungumzo ya Kufanya Mapema, Hatua kwa Hatua

Miaka mitatu iliyopita, saa kumi na moja jioni, kondakta wa daladala ya Mbagala alinitazama, akamgusa bega kijana aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akamwambia, "Mpishe mzee." Nilikuwa nimetimiza miaka 60 na mwezi mmoja, na niligeuka nyuma kumtafuta huyo mzee aliyepanda. Nilipofika nyumbani nilianza kuandika katika daftari mambo ambayo mtu wa jiji hili anapaswa kuyaweka sawa kabla nguvu hazijapungua, na mwongozo huu umetokana na daftari hilo.

Nimeupanga kwa mfululizo wa mazungumzo kwa sababu katika ukoo wangu na katika mtaa wetu nimeona jambo moja likijirudia: mzee hunyamaza akidhani anawasitiri watoto, watoto hunyamaza wakidhani wanamheshimu mzee, na siku anapoanguka kila mmoja anaanza kusema kwa niaba yake, kila mmoja na lake. Umri mzuri wa kuanza ni miaka 50 hadi 55. Aliyekwisha kuupita aanze wiki hii, na hana haja ya kufuata mpangilio wangu, isipokuwa suala la nyumba na la wasia, ambayo nashauri yasisubiri mengine yote yakamilike.

Hatua ya kwanza: Zungumza na nafsi yako

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na umri huohuo ndio wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, ingawa mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55. Kwa hiyo mtu hupewa jina asilolizoea wakati uleule anapopokonywa jina alilolizoea. Aliyekuwa mwalimu mkuu au mkuu wa karakana huamka Jumatatu akiwa hana wa kumwita kwa cheo, na simu iliyokuwa ikilia kutwa nzima hubaki kimya hadi mjukuu aichukue kuchezea michezo. Huzuni ya namna hiyo ni ya kweli, na anayeiona aibu huishia kuificha ndani ya ukali kwa mkewe na wanawe au ndani ya chupa.

Miezi sita kabla ya kustaafu, andika ratiba ya wiki moja ya maisha utakayoishi baadaye: utaamka saa ngapi, utakwenda wapi, utaonana na nani, na siku gani utapumzika kabisa. Ratiba hiyo iwe na angalau jambo moja ambalo watu wengine wanakutegemea ulifanye, kwa mfano uhasibu wa msikiti, kwaya ya usharika, baraza la wazee la kata au usuluhishi wa magomvi ya mtaani, kwa sababu mtu anayesubiriwa mahali fulani huwa na sababu ya kuoga na kuvaa. Anayeishi Magomeni, Temeke au Buguruni ana bahati ya baraza, bao na kahawa ya jioni. Aliyejenga Goba au Mbezi ndani ya ukuta mrefu mara nyingi humjua jirani yake kwa honi ya gari tu, na huyo hana budi kuutafuta ujirani kwa makusudi. Jitahidi pia kuwa na marafiki wawili watatu walio wadogo kwako kwa miaka kumi au zaidi. Rika letu limeanza kuzikana, na mtu mwenye marafiki wa rika lake peke yao hujikuta kila mwezi akitoka matangani.

Huzuni ya kuachana na kazi au kufiwa hupungua polepole. Ikipita wiki mbili mfululizo mtu hana hamu ya chakula, halali, hataki kuonana na watu wala hafurahii alivyovipenda, hiyo huenda ikawa ni sonona, ambayo ni ugonjwa unaotibika hospitalini kama magonjwa mengine. Maneno "ni uzee tu" yamechelewesha matibabu ya watu wengi ninaowajua, na kama ningekuwa na mamlaka ningeyapiga marufuku katika kila nyumba.

Hatua ya pili: Zungumza na daktari kabla hujaumwa

Shinikizo la damu mara nyingi halitoi dalili yoyote hadi siku linapoleta kiharusi, na kisukari kinaweza kuharibu macho na figo kwa miaka kabla mtu hajajua anacho. Kwa hiyo kuanzia miaka 50 pima presha, sukari na macho angalau mara moja kwa mwaka, hata kama unajiona mzima. Mwanamume anayeamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, au anayekojoa kwa shida, achunguzwe tezi dume. Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu tena, hata tone, aende hospitali wiki hiyohiyo, kwa kuwa hiyo ni moja ya dalili za mapema za saratani ya kizazi. Ukungu wa mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na jijini humu hospitali kadhaa zinaufanya, CCBRT ya Msasani ikiwa mojawapo. Wapo wazee walioongozwa kwa mkono miaka mingi kwa kukosa tu mtu wa kuwaambia hivyo. Masikio nayo yasisahauliwe, maana asiyesikia vizuri huacha kuzungumza, na wenzake hudhani amekuwa na kiburi au amechanganyikiwa.

Unapokwenda kwa daktari, tia ndani ya mfuko mmoja dawa zote unazotumia, pamoja na mitishamba na zile ulizonunua duka la dawa bila cheti, kisha uzimwage mezani kwake. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya magoti. Wengi wetu tunameza diklofenaki kila siku kwa maumivu ya magoti na kiuno bila kujua kwamba dawa hiyo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha presha, kudhuru figo na kuchubua tumbo, na daktari anayeongeza dozi ya presha kila mwezi hawezi kujua chanzo kama hujamwambia. Vivyo hivyo wanaume wanaonunua dawa za nguvu kimyakimya wafahamu kwamba baadhi yake, zikichanganywa na dawa za moyo za aina ya naitreti, zinaweza kushusha presha hadi kuua. Daktari amekwisha kusikia makubwa kuliko hayo yako.

Dawa ya presha haiachwi kwa sababu kipimo kimekuja kizuri, kwa kuwa uzuri wa kipimo hicho mara nyingi umeletwa na dawa yenyewe.

Kuhusu gharama, mtumishi wa umma aliyekuwa mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya aulize mapema, kabla ya kustaafu, masharti ya kuendelea na kadi yake na ya mwenza wake. Mzee asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo katika vituo vya Serikali. Utaratibu huanzia serikali ya mtaa na ofisi ya ustawi wa jamii, ambako hutambuliwa na kuandikishwa ili apate kitambulisho, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Niseme kweli kwamba dirisha si dawa. Nilimsindikiza shangazi yangu katika hospitali moja ya jiji hili, tukahudumiwa mbele ya wote kwa heshima kubwa, kisha tukaambiwa dawa mbili kati ya tatu tukanunue nje. Kwa hiyo weka akiba ndogo ya dawa hata kama una kitambulisho, na nenda mapema, siku za katikati ya wiki ikiwezekana.

Jambo la mwisho hapa ni kuanguka, ambako huwamaliza wazee wengi kuliko wanavyodhani watoto wao. Sakafu ya marumaru yenye maji na kandambili zilizolika ni mtego. Funga kishikio imara ukutani chooni, hasa kama choo ni cha kuchuchumaa, weka taa ya kuchaji karibu na kitanda kwa ajili ya usiku umeme unapokatika, na uondoe vizulia vinavyoteleza mlangoni. Panda daladala au mwendokasi baada ya saa nne asubuhi, msongamano unapopungua. Hakuna shughuli ya mzee Kariakoo inayolazimu kugombea mlango saa kumi na mbili na nusu. Katika miezi ya joto, Desemba hadi Machi, kunywa maji kwa saa, usisubiri kiu, kwa sababu hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyokwenda.

Hatua ya tatu: Zungumza na fedha yako

Mwaka mmoja kabla ya kustaafu, nenda katika ofisi ya mfuko wako wa hifadhi ya jamii uhakiki michango mwezi kwa mwezi, majina yako yote, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Jina lililoandikwa Mohamed kazini na Muhammad kwenye kitambulisho huweza kuchelewesha mafao kwa miezi mingi. Anayechangia NSSF ahesabu kama ametimiza miezi 180, yaani miaka 15, kwa sababu pensheni ya kila mwezi hutegemea kutimia kwa idadi hiyo. Kuhusu kikokotoo, yaani hesabu ya kupata mafao, kanuni za mwaka 2022 ziliweka malipo ya mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa mara moja mtu anapostaafu, kuwa asilimia 33, na katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ilitangaza kuyapandisha hadi asilimia 40 kwa kundi ambalo zamani lilikuwa likipata asilimia 50, na asilimia 35 kwa kundi lingine. Omba ofisi ikuandikie makadirio yako mwenyewe, usitegemee hesabu za kijiweni.

Mkupuo ukiingia, usiuguse kwa miezi mitatu. Habari za kiinua mgongo husambaa haraka kuliko habari za msiba, na watakaokuja ni pamoja na mpwa mwenye wazo la matikiti maji, kijana anayeuza kiwanja kilichokwisha kuuzwa mara mbili, na rafiki wa zamani anayekushauri ununue daladala. Kuhusu daladala, ushauri wangu ni mfupi: biashara ambayo hukuiweza ukiwa na miaka 40, fedha za uzee si mahali pa kuijifunzia. Yapo mambo yasiyo na mbwembwe, kama hatifungani za Serikali, yaani fedha unazoikopesha Serikali, zinazouzwa na Benki Kuu, ambazo hulipa riba mara mbili kwa mwaka, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, taasisi ya Serikali, ambayo mmojawapo, Jikimu, umetengenezwa mahususi kwa anayetaka gawio la mara kwa mara. Mapato yake hayatamfanya mtu kuwa tajiri, lakini humwezesha kulala.

Asiyekuwa na mfuko wowote, na hao ndio wengi katika jiji hili la mama ntilie, mafundi na wachuuzi, atumie kikoba na kodi ya vyumba kama nguzo zake, na ajiandikishe NSSF kwa mchango wa hiari akiwa bado ana miaka ya kuchangia.

Hatua ya nne: Zungumza kuhusu nyumba

Nyumba ndiyo pensheni ya mtu wa Dar es Salaam, na ndiyo inayovunja ukoo wake. Nyumba ya Kiswahili yenye korido na vyumba sita, aliyoijenga baba kwa miaka kumi na mitano, tofali kwa tofali, hulipa kodi ya kumlisha hadi kufa. Siku ya arobaini watoto hukaa sebuleni kugawana vyumba kama watu wasiojuana. Kwa sababu hiyo hatua hii ndiyo ndefu.

Anza na karatasi. Tafuta hati miliki, leseni ya makazi au angalau hati ya mauziano iliyoshuhudiwa serikali ya mtaa, na uangalie jina lililomo. Kama uliinunua kwa jina la kaka yako wakati ule ulipokuwa safarini, rekebisha sasa huyo kaka akiwa hai na akili zake timamu; wanawe hawatakumbuka mlichokubaliana. Kama nyumba mliijenga pamoja na mkeo, jina lake liingie. Wanaume wa rika langu hulisikia jambo hili kwa shingo upande, basi nieleze sababu yake: kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo mahakama huweza kuzitumia kwa mtu aliyeishi kwa mila na hakuacha wasia, hazimpi mjane fungu lake mwenyewe pale ambapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, bali humwacha atunzwe na watoto. Mwanamke aliyebeba zege kichwani mwaka 1994 anaweza kujikuta mgeni wa mwanawe na mkwewe.

Kisha amua mambo matatu na uyaseme mbele ya wote wanaohusika. La kwanza, nani atakaa katika nyumba hiyo mkiwa hai, na kwa masharti gani. Mtoto mtu mzima anayekaa chumba cha uani bila kodi alipe hata umeme, maana ukaaji usio na masharti huzaa madai. La pili, kodi ya wapangaji inaingia kwa nani na inaandikwa wapi. Mikataba yao iwe ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja. La tatu, nyumba itakuwaje baada yenu: itauzwa igawanywe, au itabaki kuwa ya familia. Kwa maoni yangu, "nyumba ya familia isiyouzwa" ni jina zuri la ugomvi usiokwisha, isipokuwa pale ambapo yupo msimamizi mmoja anayeaminiwa na kila mtu, na nimekutana na wa namna hiyo mara chache sana.

Yapo mawili ya kukataa kabisa. Usihamishe nyumba kwa jina la mtoto ukiwa hai kwa sababu tu anakutunza vizuri. Utunzaji wake ni wa kushukuriwa kwa maneno, kwa dua na kwa fungu katika wasia, wala usibadilishane naye paa lako. Na usiiweke nyumba dhamana ya mkopo wa mtu mwingine, hata awe kifungua mimba wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo ukishindwa kumkatalia mtoto, mwambie mama yake hakubali. Uwongo huo mdogo mimi nimeutumia, na mama alikuwa hakubali kweli.

Hatua ya tano: Zungumza kuhusu kurudi kijijini

Wengi tuliokuja mjini vijana tuna nyumba Rombo, Muleba au Mbinga iliyojengwa kwa ajili ya siku hii. Kabla ya kufunga mizigo, nenda ukaishi huko miezi mitatu mfululizo, na mmoja wapo uwe wa masika, Machi hadi Mei, barabara inapokuwa matope. Hesabu kilomita hadi kituo cha afya chenye dawa zako. Hesabu pia watu unaowajua kwa majina, kwa kuwa uliowaacha wamekufa na waliopo wanakujua kama mtu wa Krismasi. Mwanamke aliyeolewa mbali na kwao aulizwe peke yake, mumewe akiwa hayupo, kama anataka kwenda kuzeekea kwa wakwe. Ukiona miezi mitatu imekushinda, hujafeli. Pangisha hiyo nyumba au mkabidhi ndugu, na ubaki karibu na hospitali na wajukuu.

Hatua ya sita: Zungumza na mwenza na watoto

Mwenza aje kwanza, watoto baadaye. Wanandoa wengi waliishi miaka thelathini wakionana usiku, na kustaafu kunawaweka chumba kimoja kutwa nzima. Gawaneni nafasi na saa: mmoja akiwa na jikoni na uani, mwingine awe na baraza, na kila mmoja aruhusiwe kutoka bila kuulizwa mara tatu anakwenda wapi.

Kwa watoto, itisha kikao kimoja kila mwaka, wakati wa Idi, Krismasi au Pasaka, wote wanapokuwepo, na waliopo mbali waunganishwe kwa simu. Waambie waziwazi unachohitaji, kwa kiasi na kwa tarehe. "Mnisaidie kidogo" humwangukia yuleyule mmoja mwenye huruma, kwa kawaida binti wa kwanza. "Nahitaji shilingi 60,000 za dawa kila mwezi, gawaneni" huwagusa wote. Kuomba hakukuvunjii heshima kama umeomba kwa mpango. Wakati huohuo usikubali kila mjukuu anayeletwa na begi la nguo. Kulea wajukuu ni furaha, ila mtoto wa miaka mitatu humkimbiza mtu wa miaka 68 kuliko mazoezi yoyote, na mzazi wake ajulishwe mapema nani atalipa ada, nani atampeleka kliniki, na lini atarudi kumchukua.

Katika kikao hicho taja pia jambo gumu: itakuwaje akili ikianza kuondoka. Kusahau ulipoweka funguo ni kawaida ya umri. Kusahau njia ya kurudi nyumbani kutoka Tandika, au kumwuliza mtoto swali lilelile mara tano ndani ya saa moja, ni dalili ya ugonjwa, na inahitaji daktari kabla ya kuhitaji mganga. Teua mapema, ukiwa na akili zako, mtoto atakayeshughulika na hospitali na mwingine atakayeshughulika na fedha. Wawe wawili, watoleane hesabu. Na kama huna mtoto wala ndugu wa karibu, usisubiri uzidiwe ndipo ujulikane: jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii. Makazi ya wazee ya Serikali yapo, kama yale ya Nunge, Kigamboni, na kuishi hapo si laana, ingawa wengi wetu tulilelewa tukidhani hivyo.

Hatua ya saba: Andika wasia

Wasia hauiti kifo. Nimeandika wangu nikiwa na miaka 58 na mpaka sasa nadaiwa ada ya kikoba.

Kwanza jua sheria inayokuhusu, kwa kuwa mahakama huangalia mwenendo wa maisha ya marehemu ili kuamua kama mirathi yake itafuata sheria ya Kiislamu, mila au sheria ya Serikali ya mirathi. Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali yake baada ya madeni kulipwa, na usia kwa mtu ambaye tayari ni mrithi hausimami bila ridhaa ya warithi wengine; zilizobaki hugawanywa kwa mafungu yaliyowekwa. Anayefuata sheria ya Serikali asaini mbele ya mashahidi wawili. Kwa wasia wa kimila wa maandishi, anayejua kusoma huhitaji mashahidi wasiopungua wawili, na asiyejua kusoma wasiopungua wanne, wakiwemo wa ukoo na wasio wa ukoo. Katika hali zote, shahidi asiwe mtu unayemwachia mali.

Andika tarehe, taja mali kwa maelezo yanayotosha mgeni kuitambua, taja watoto wote wakiwemo wa nje ya ndoa ambao nyumbani hawajulikani, na umtaje msimamizi. Kuhusu hao watoto wa nje, nazungumza na wanaume wenzangu: wakitokea msibani na picha mkononi, aibu itakuwa ya mjane wako, si yako. Usigawe kisicho chako, ikiwemo sehemu ya mwenza wako. Kama unamnyima mtoto, eleza sababu. Wasia unaweza kutunzwa RITA, wakala wa Serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambako pia husaidia kuuandika, au kwa wakili, au benki. Mtoto mmoja na mtu mmoja asiye wa ukoo wajue ulipo, hata kama hawajui kilichomo. Baadaye, msimamizi atafungua shauri mahakamani. Kwa wakazi wa jiji hili kipo Kituo Jumuishi cha masuala ya familia cha Temeke, kilichoanza kazi mwaka 2021, kinachosikiliza mirathi na mashauri ya ndoa.

Hatua ya nane: Weka sawa yako na Mungu, na yako na watu

Mwili ukipungua, ibada hubadilika umbo, na viongozi wa dini huulizwa jambo hili mara chache mno. Mwislamu asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani hulisha maskini mmoja kwa kila siku. Mkatoliki hapaswi kungoja pumzi ya mwisho ndipo aombe mpako wa wagonjwa, kwa kuwa sakramenti hiyo ni ya anayeumwa na ya anayedhoofishwa na uzee pia, na jumuiya ndogondogo huweza kusali nyumbani kwake. Anayetaka maneno ya kusali usiku usingizi unapokataa, Zaburi ya 71 ina mstari ulioandikwa na mtu aliyeijua hofu hiyo: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Jihadhari tu na watu wanaouza maji, mafuta na utabiri kwa wastaafu, mwenzangu mmoja wa ofisini aliacha nusu ya mkupuo wake kwa mtu wa namna hiyo, na pia aliacha dawa za kisukari.

Andika orodha mbili. Ya kwanza ni ya madeni na amana: unachodaiwa, unachodai, na vitu vya watu unavyowatunzia. Ya pili ni ya watu mliokosana. Anza na wale walio wagonjwa, nenda kwa miguu yako mwenyewe, usitume ujumbe wa simu, na usipeleke historia nzima ya ugomvi. Neno "nisamehe" na chai mezani vinatosha. Baadhi watakataa. Rudi mara ya pili baada ya miezi, kisha uache.

Mwisho sema wapi unataka kuzikwa. Kusafirisha maiti hadi Kagera au Kilimanjaro, pamoja na mabasi ya waombolezaji, hugharimu michango ambayo familia huendelea kuilipia madeni baada ya matanga, na hakuna mtoto mwenye ujasiri wa kusema, "Tumzike hapa Kinondoni," kama baba mwenyewe hakulisema. Likitoka kinywani mwako, litakuwa amri. Lisipotoka, litakuwa ugomvi wa mashemeji.

Hatua ya tisa: Faili

Nunua faili moja la plastiki lenye kifungo. Weka humo nakala za kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, kadi ya bima au kitambulisho cha matibabu, namba ya uanachama wa mfuko wa hifadhi na majina ya wanufaika wake, hati ya nyumba au nakala yake, mikataba ya wapangaji, akaunti za benki na laini za simu zenye fedha, kitabu cha kikoba, orodha ya madeni, na karatasi moja yenye majina ya dawa zako na dozi zake. Usiandike humo namba za siri. Ukurasa wa juu kabisa uwe na majina matatu na simu zao: wa kupigiwa kwanza ukizidiwa, wa kupigiwa wa pili, na sheikhe au mchungaji wako. Lipitie kila Januari. Langu ni la bluu, lipo juu ya kabati la vyombo, nyuma ya birika kubwa la shughuli, na kila mtoto wangu amewahi kupanda kwenye stuli akalishika kwa mkono wake.